Sindano Aliyokataa Kunidunga

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi la dispensari, kifua kimekubana na hujui kama utaitwa leo au kesho, nakuandikia wewe. Benchi hilo nimelikalia mimi pia. Nimelikalia wakati wa jua na wakati wa mvua, mpaka wagonjwa wapya wakawa wananiuliza mimi mahali pa kupanga foleni. Sasa nimepona. Mwili ukipona hupenda kusahau haraka, kwa hiyo nasimulia kabla sijasahau.

Naitwa Mshai. Nyumbani kwetu ni chini ya mlima Kasigau, na niliolewa kijiji cha Makwasinyi, kwa watu wakulima. Mume wangu, Mwakio, alipata kazi kwenye gengi la reli, wale wanaokaza reli na kubadilisha mataruma, na tukahamia Voi kwenye landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Tulikuwa na mtoto mmoja, Wakesho, ambaye alikuwa ameanza kutembea kwa kushika ukuta.

Ugonjwa ulinijia kiangazi. Ulianza na homa ndogo za jioni, kisha kikohozi kikavu, kisha nikawa naamka asubuhi kanga imelowa kama nimetoka mtoni. Pete ya ndoa ilianza kuzunguka kidoleni, nikaizungushia uzi isidondoke. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni vumbi jekundu la Voi, mwingine akasema nina mimba. Mama mkwe alituma habari kutoka Makwasinyi kwamba nimerogwa na nirudishwe nyumbani. Aliyesema kweli alikuwa jirani yetu Bi Mwanaisha, mke wa fundi cherehani, ambaye watu wake ni wa Mombasa. Alinisikiliza nikikohoa siku moja tulipokuwa tukianika nguo, akaniambia, "Mwanangu, hicho si kikohozi cha vumbi. Nenda kwa dresa kabla hakijakumaliza."

Dresa wa Voi alikuwa Bwana Mwaluma, mtu mrefu, mkavu wa maneno, ambaye alitembea wakati wote kama mtu aliyechelewa. Watu walimwita daktari, na kila alipoitwa hivyo alisahihisha. "Daktari atakuja siku yake. Mimi ni dresa." Aliosha vidonda, alitoa vidonge vya malaria, alifunga mkono uliovunjika ili mtu afike hospitali salama, na alidunga sindano ambazo daktari ameziandika. Kupasua hakuruhusiwa. Kutoa maji mwilini hakuruhusiwa. Kuanzisha dawa kali kwa uamuzi wake mwenyewe hakuruhusiwa, na hilo alilisema waziwazi kwa yeyote aliyemsihi.

Siku ya kwanza aligonga mgongo wangu kwa vidole, upande wa kushoto kisha wa kulia. Upande wa kushoto ulilia kama debe tupu. Wa kulia ulilia kama debe lililojaa. Hata mimi nilisikia. Aliuliza maswali mengi, akaandika, akaniambia kuna maji ubavuni, kwamba ugonjwa huu si wa kwake na kwamba daktari akija nitakuwa mtu wa kwanza kuonekana. Akaniambia nilale peke yangu na nimwachishe mtoto ziwa.

Hilo la mtoto ndilo lililonivunja. Mama mkwe alikuja mwenyewe kumchukua Wakesho. Alimfunga mgongoni, akanitazama jinsi mifupa ya shingo ilivyotokeza, na hakusema neno la uganga tena. Maziwa yaliniuma siku nyingi baada ya wao kwenda, halafu yakakauka.

Mvua za masika zilifika mapema na kwa nguvu. Daktari wetu alikuwa akitoka milimani, na barabara ya kupitia Mwatate ikakatika. Siku yake ya kuja ikapita, na iliyofuata ikapita. Mimi nilikuwa nakwenda dispensari kila asubuhi nikishikilia ukuta wa maduka. Kwanza nilipumzika mara moja njiani, baadaye nikawa napumzika kwenye kila mlango. Sikuweza tena kulala chali, maana nikilala nilihisi kama mtu amenikalia kifuani. Nilikaa nimeegemea magunia, na Mwakio akatoka kazini akanikuta vilevile alivyoniacha.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, Mwadime, kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuwa na duka la chai na maandazi Miasenyi, kando ya barabara kuu, na madereva wa malori walikuwa wakimletea habari za dunia nzima. Alikuwa amesikia kwamba maji ya ubavuni hutolewa kwa sindano kubwa, na kwamba Bwana Mwaluma humsaidia daktari kufanya kazi hiyo. Alikuja Voi akatukuta tayari tuko kwenye benchi. Asubuhi hiyo midomo yangu ilikuwa imebadilika rangi. Nilikuwa nikisema neno moja kisha navuta pumzi ndipo niseme jingine.

Shemeji alianza kwa upole. Alimwita dresa daktari, akasahihishwa. Akamwuliza kama sindano ile ipo hapa dispensari. Bwana Mwaluma akasema ipo, imefungiwa kabatini. Akamwuliza kama anajua inavyotumika. Akasema ameshika sahani na kumwona daktari akiitumia mara nyingi.

"Basi mtoe maji huyu," shemeji akasema. "Hapa hapa, sasa. Hakuna atakayejua."

"Siruhusiwi."

"Anakufa mbele yako na wewe unazungumza ruhusa?"

Bwana Mwaluma hakupandisha sauti. "Nikimdunga vibaya, hapa hakuna mtu wa kumwokoa. Ndiyo maana sheria imeniwekea mpaka. Kazi yangu kwa huyu ni kumfikisha kwa mwenye kazi yake, na nitamfikisha."

Nakwambia ukweli, nilimchukia. Niliyasikia maneno hayo yote na niliyaona kama maneno ya mtu anayeogopa kupoteza mshahara. Shemeji alimwambia mume wangu amlazimishe, na Mwakio, ambaye maisha yake yote hajawahi kumbishia kaka yake, alisimama katikati yao akitazama sakafu. Halafu akamwuliza dresa swali moja tu: "Utamfikisha kwa njia gani?"

"Kwa reli," dresa akasema. "Wewe si mtu wa reli?"

Wakatoka pamoja kwenye mvua. Bwana Mwaluma alipitia kwanza ofisi ya DC kuomba kuondoka kituoni, kwa kuwa hata kuondoka kwake kulikuwa na sheria yake. Kisha wakaenda stesheni. Treni ya abiria ilikuwa bado mbali, lakini treni ya mizigo ya kwenda Mombasa ilikuwa imesimama inachukua maji. Mwakio aliniambia baadaye kwamba stesheni masta alikataa, kwamba mgonjwa hapandi treni ya mizigo, na kwamba Bwana Mwaluma alikubaliana naye kabisa kuhusu sheria, kisha akamwomba apige simu ya upepo kwa mkubwa wake aulize. Akakaa pale kaunta mpaka jibu likarudi. Jibu lilikuwa ndiyo, iwapo mgonjwa atasindikizwa na mtu wa hospitali.

Nilibebwa na kiti cha dispensari hadi kwenye behewa la gadi, lile la mwisho. Shemeji alishika mguu mmoja wa kiti, dresa mwingine, na hawakutazamana. Mwakio hakupewa ruhusa ya kupanda, kwani mvua ilikuwa imefukua tuta la reli upande wa Ndi na gengi lote liliitwa. Aliniwekea koti lake la mvua mabegani, na nikamwona akisimama jukwaani na maji yakimchuruzika usoni.

Safari ile naikumbuka kwa mgongo. Bwana Mwaluma alikaa sakafuni akaweka mgongo wake dhidi ya wangu, ili nikae wima bila kujishika. Treni ilipoyumba aliyumba nami. Aliniambia nivute pumzi ndogondogo na nisijaribu kuongea. Tulipita Ndara, na mlangoni niliona nyika ambayo nimezoea kuiona imekauka ikiwa imejaa majani, na punda milia wamelowa. Tulipita Maungu. Baada ya hapo nilijua nimeuacha mlima wa kwetu nyuma, na mtoto wangu chini yake, na nikalia bila sauti. Nadhani aliuhisi mgongo wangu ukitetemeka. Hakuniambia nisilie.

Kwenye hospitali ya Mombasa walikuwa wametungoja. Daktari alikuwa Mzungu kijana, mwenye madoa ya jua usoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno. Nilitegemea sindano mara moja. Badala yake alinipeleka kupigwa picha ya kifua, huku nikiwa nimeshikwa pande mbili. Akaitazama picha ile kwenye mwanga kwa muda mrefu. Kisha akamwita Bwana Mwaluma, akamwonyesha kwa kidole sehemu moja, akaongea naye kwa Kiingereza. Niliona uso wa dresa wangu ukibadilika.

Nilidungwa juu zaidi ya nilivyotazamia, karibu na kwapa. Bwana Mwaluma ndiye aliyeombwa anishike, nami nikaegemeza paji la uso begani kwake. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, chupa kwa chupa. Jinsi yalivyotoka ndivyo hewa ilivyoingia. Mtu ambaye hajawahi kunyimwa hewa hawezi kuelezwa utamu wake. Nilivuta pumzi mpaka chini, nikakohoa, nikavuta tena, na jambo la kwanza nililosema kwa sentensi nzima lilikuwa kwamba nina njaa. Yule daktari alicheka.

Kabla dresa hajarudi Voi, alikuja kando ya kitanda changu kuniaga. Nilimwuliza walichokuwa wakizungumza mbele ya picha. Akanieleza kwamba pafu langu lilikuwa limenata kwenye mbavu, mahali pale pale ambapo sindano huingizwa siku zote.

"Ningekudunga hapo," akasema. "Nisingejua. Ningefanya kama nilivyoona ikifanywa, na ningekuua."

Alisema hivyo bila kujisifu, kama mtu anayeeleza ajali iliyompita karibu. Akavaa kofia yake akaenda kungoja treni.

Picha na makohozi vilionyesha kifua kikuu. Niliwekwa kwenye wodi yenye baraza ndefu, sote tukilala na madirisha wazi. Sitaki kukudanganya kuhusu miezi ile. Sindano zilinifanya makalio yawe magumu kama ngozi ya ngoma, na dawa ya kunywa ilinitia kichefuchefu hata kabla sijaifungua. Nywele zilikatika. Nilipoonyeshwa kioo nilimwona marehemu nyanya yangu. Mwanamke wa Kigiriama aliyelala karibu nami, Kadzo, ambaye alikuwa akinifundisha kusuka ukili wa mikeka ili siku ziende, alikufa wakati wa upepo wa kusi, na kitandani mwake akalazwa mwingine siku hiyohiyo.

Kulikuwa na rehema ndogondogo. Dada yake Bi Mwanaisha alikuwa akikaa Mombasa, na kila Ijumaa baada ya sala alikuja na uji wa pilipili manga ndani ya chupa ya chai. Hakuwa akinijua. Aliniambia tu kwamba dadake amemwagiza, na kwamba agizo la dada halivunjwi. Mwakio alikuja kila alipopata pasi ya reli, akikaa umbali aliopangiwa, mikono magotini. Wakati mmoja alikuja amenuna, na nilipombana akasema kaka yake na jamaa wengine wanamshauri aoe mwingine, kwamba mke mwenye kifua kikuu ni jembe lililovunjika mpini. Nilimwuliza amewajibu nini. Akasema amewajibu kwamba jembe likivunjika mpini, mtu hukata mpini mwingine. Ndiyo maneno ya mapenzi makubwa zaidi aliyowahi kuniambia, na aliyasema akitazama dirishani.

Mvua za vuli zilipoanza, daktari alisema makohozi yangu ni safi na naweza kurudi Voi, bora niendelee na sindano hadi zimalizike. Akaandika amri, kipimo gani na siku zipi, na ikapelekwa kwa Bwana Mwaluma. Kwa hiyo yule aliyekataa kunidunga ndiye akawa mtu wa kunidunga. Nilirudi kwenye benchi lile lile, sasa nikitembea mwenyewe, na nilipofika mlangoni alinitazama juu hadi chini akasema nimechelewa.

Majirani wengine hawakunipokea hivyo. Kuna mwenzangu wa landhi aliyenipa maji kisha akakitupa kikombe kwenye taka nikiwa bado natazama. Nilikwenda nyumbani nikakaa nyuma ya mlango. Kesho yake Bi Mwanaisha, aliyesikia habari hizo, aliniita kwake, akanywa chai nusu kikombe, akanisukumia nusu nyingine mbele ya wanawake wote. Kama umepita mlango huu wa kutengwa, utajua nusu kikombe kinaweza kuwa na uzito gani.

Halafu likaja jambo la masikio. Yalianza kuvuma kama nyuki wamo ndani. Baada ya muda ardhi nayo ikawa inainama ninapogeuka. Nilificha. Niliogopa nikisema, dawa itaondolewa na ugonjwa utarudi. Nilikuwa nikiingia dispensari nikitabasamu, mkono ukiwa umeegemea ukuta kama kwa bahati. Bwana Mwaluma aliniona. Siku moja alikwisha kuivuta dawa ndani ya sindano, akaniambia nitembee kutoka kwenye meza hadi mlangoni bila kushika kitu. Nilijikuta nimegonga kabati.

Aliiweka sindano chini. Nilimsihi. Nilimwambia apunguze kidogo tu, anidunge nusu, yeye amezoea, anaona mwenyewe.

"Kuongeza siwezi, na kupunguza siwezi," akanijibu. "Kusimamisha na kuuliza, hilo naweza. Na nikikuona hivi nisisimamishe, hapo ndipo nitakuwa nimevunja sheria."

Akapeleka habari kwa simu ya upepo siku hiyo. Nilingoja jibu nikiwa na hofu ile ile ya mwanzo, nikihesabu kila kikohozi. Lakini safari hii sikumchukia. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu anayejua mwisho wa mkono wake ni mtu wa kukabidhiwa maisha. Jibu lilikuja: sindano ziachwe, niendelee na vidonge tu, na nipigwe picha tena. Nyuki walipungua polepole. Hata leo mmoja wao bado yumo, sikio la kulia, nikiwa mahali penye kimya. Tumezoeana.

Vidonge nilivimeza kiangazi chote na masika yaliyofuata, bila kuruka hata nilipojisikia mzima, na hilo ndilo nakuomba ulishike kuliko yote. Kujisikia mzima kulikuja mapema zaidi kuliko kupona. Picha ya mwisho nilipigwa baada ya mavuno. Daktari aliyekuwa akitoka milimani aliitazama, akampa Bwana Mwaluma aitazame, kisha wakaniambia naweza kwenda nyumbani kumchukua mtoto wangu. Nilimshika dresa mkono kwa mikono yangu miwili. Nilimwita daktari, kwa makusudi. Akanisahihisha.

Vuli ilipofika nilipanda lori hadi Maungu, na kutoka hapo nikabebwa na gari la watu wa mashamba hadi karibu na Kasigau. Sehemu iliyobaki nilitembea. Mlima ulikuwa umevaa mawingu kiunoni. Kwenye mwinuko wa kwanza nilisimama kwa mazoea, nikingoja pumzi iishe. Haikuisha. Nikapanda, na nikapanda tena, na nilipofika juu nilicheka peke yangu njiani mpaka mzee mmoja mwenye mbuzi akanisalimia kwa tahadhari.

Wakesho alijificha nyuma ya nyanya yake. Alikuwa amerefuka, ana meno yote, na alimwita mama mkwe "mama". Sikumlazimisha. Nilikaa kwenye kigoda nikachambua kunde, naye akanizunguka kwa mbali, siku ile na iliyofuata. Siku ya tatu aliweka kiganja mgongoni kwangu kuhisi kama nimelowa, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuoga, akakiacha hapo. Jioni alilala mgongoni kwangu, na uzito wake wote nikaubeba kwa kifua hiki hiki.

Mama mkwe alikuwa mwema kwangu siku hizo, na wema wake ulinisumbua. Alinipokonya ndoo. Alinikalisha kivulini. Alinipa kiini cha kila chakula na kuwafukuza watoto wa jirani wasinipigie kelele. Jamaa walikuja kunitazama wakaongea kwa sauti ndogo, hata shemeji Mwadime, aliyekuja kutoka Miasenyi na mkate na sukari, akakaa mbali kidogo akiniuliza habari za Voi. Alipoondoka aliniomba nimpe dresa salamu zake. Nilijua ilimgharimu kusema hivyo.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini na magugu yalikuwa yanayashinda. Asubuhi moja mama mkwe alitoka na majembe mawili. Alisimama uani akanitazama, mimi nikiwa na Wakesho mgongoni, na nikaona anapima jambo. Kisha akanipa jembe moja, akaongoza njia.

Alinionyesha mstari wangu, yeye akachukua wa pembeni. Tulilima. Jasho lililonitoka lilikuwa la kazi, la kwanza baada ya muda mrefu, na nililiacha linitiririke. Mtoto alisinzia. Mama mkwe alinitangulia kufika mwisho, kama ilivyokuwa kabla sijaugua, akageuka, akarudi akikagua mstari wangu hatua kwa hatua.

"Mshai," akasema. "Huku umeacha magugu."

Nikarudi kuyang'oa.